Kukata fremu ya mlango kwa maltituli ili taili ipite chini

Sakafu ya saruji ikiwekwa taili, kazi hukwama mlangoni. Fremu ya mbao imefika chini kabisa, na mafundi wengi hapa Kisumu hukata taili kwa grinda kuizunguka hadi ionekane imetafunwa na panya. Afadhali ukate fremu kwa maltituli, mashine ndogo ya umeme ya kushika mkononi.

Bledi ya maltituli haizunguki. Hutikisika kushoto na kulia, kwa pembe ya nyuzi (digrii) 3 hivi, mara 10,000 hadi 20,000 kwa dakika. Ukiigandamiza inashindwa kutikisika: mbao inatoa moshi, meno yanaungua.

1. Fremu hushikwa na misumari, kwa hiyo funga bledi ya baimeto, inayokata mbao na msumari. Ya mbao tupu ikigonga msumari, meno yamekwenda. Chomoa plagi kwanza, kisha kaza skrubu sawasawa.

2. Weka kipande cha taili sakafuni karibu na fremu, chini yake kadibodi ya unene wa gundi. Taili ya milimita 8 na gundi ya 5 ni 13. Ongeza 1 ya nafasi. Bledi italala bapa juu ya taili hiyo.

3. Pima kina cha fremu, kisha bandika utepe juu ya bledi kama alama ya kina hicho. Ukipitiliza utepe, umefika kwenye plasta, na saruji huua baimeto papo hapo.

4. Vaa miwani na barakoa. Vumbi la mvule huwasha macho na pua vibaya.

5. Washa kabla ya kugusa mbao. Anza spidi ya 2 uchore mstari, kisha panda hadi 5. Sukuma taratibu huku ukiyumbisha bledi kidogo kando kwa kando, na kila sekunde 10 itoe ili unga wa mbao umwagike. Sauti ikigeuka kali umefikia msumari: rudi spidi ya 3, subiri.

Stima ikipotea katikati, zima swichi na uchomoe plagi. Swichi ya kusukuma hubaki imewaka, na stima ikirudi mashine itaanza kurukaruka sakafuni peke yake, labda miguuni pa mtoto wa mwenye nyumba.

6. Ng'oa kipande kwa patasi, zoa vumbi, ingiza taili. Ikikwama usiigonge. Mara nyingi ni kibanzi kimebaki kwenye kona ya ndani. Kikate kwa ncha ya bledi.