Kuvua kwa chambo hai wakati wa kaskazi: kazi huanzia kwenye ndoo

Kuanzia Desemba hadi katikati ya Machi, kaskazi inapovuma kwa upole, bahari ya pwani ya Kenya na Tanzania huwa rahisi hata kwa mvuvi mwenye mtumbwi mdogo au yule anayesimama ukingoni tu. Mawimbi hupungua, maji hutakata, na samaki wadogo kama simu, chaa na mikizi wachanga huonekana kwa makundi ndani ya hori, yaani mikono ya bahari iliyoingia nchi kavu, na kwenye maji ya kina kifupi kati ya ufuo na mwamba. Huo ndio msimu unaofaa sana kwa chambo hai, lakini ndio pia msimu ambao chambo hai hufa upesi kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka, kwa sababu joto la maji ya juu hukaribia nyuzi 30. Maelezo haya yanahusu uvuvi wa mshipi, uwe wa mkono au wa fimbo, katika hori za Mtwapa na Kilifi, ghuba ya Tanga na mahali pengine panapofanana na hapo. Yatakaa zaidi kwenye ndoo ya chambo kuliko kwenye ndoana, maana wengi wanaorudi mikono mitupu walishapoteza mavuno yao ndooni kabla hawajatupa mshipi.

Kwanza ni kuchagua siku. Katika pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa takriban saa 24 na dakika 50, na wakati wa bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa karibu saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, kisha hupwa kabisa karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku. Kila siku inayofuata nyakati hizo husogea mbele kwa kiasi cha nusu saa hadi saa nzima. Kwa hiyo, siku ya tatu au ya nne baada ya bamvua, kilele cha maji huangukia karibu na macheo, na maji huanza kutoka jua likiwa bado chini na upepo wa umande ukiwa haujakatika. Siku hizo ndizo ninazozipendelea kuliko zote. Bamvua lenyewe huleta mkondo mkali mno kwenye milango ya hori, kiasi kwamba chubwi, yaani uzito wa kuzamisha mshipi, halitulii na mwani hujisokota kwenye mshipi, ilhali maji mafu, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kidogo tu, hayana nguvu ya kuwatoa samaki wadogo mafichoni. Ratiba za maji kujaa na kupwa za Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Zanzibar hupatikana kwa urahisi, na inafaa kuzitazama kabla ya kupanga jambo lingine lolote.

Pili ni mahali. Maji yanapojaa, samaki wadogo na kamba hupenya kati ya mizizi ya mikoko kutafuta chakula na kujificha. Yanapopwa, hulazimika kutoka kupitia vijito vyembamba vinavyomwaga maji kwenye hori kubwa. Kolekole, changu, chewa na pandu hungoja kwenye vinywa vya vijito hivyo, hasa pale ambapo maji mafupi yanashuka ghafla kwenye kina. Ukingo wa nje wa mikoko, ambapo mililana husimama peke yake mbele ya mikoko mingine, ni mahali pazuri katika saa mbili za mwisho za maji kujaa, na kinywa cha kijito ni pazuri katika saa mbili au tatu za mwanzo za kupwa. Jua likishapanda, maji ya kina kifupi hupata joto sana na samaki wakubwa huhamia kwenye kina au kwenye kivuli cha gati na cha mashua zilizotia nanga, na hapo mvuvi naye ahamie huko au arudi nyumbani akapumzike hadi alasiri. Kabla ya kushusha mshipi, hakikisha hauko ndani ya hifadhi: katika hifadhi za taifa za baharini za Kenya, kama vile Watamu, Malindi, Mombasa na Kisite, uvuvi wa aina yoyote umekatazwa, na Hifadhi ya Bahari ya Mafia nchini Tanzania ina kanda zake zenye masharti tofauti. Kwingineko, uongozi wa BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa fukwe, wa pwani hiyo ndio wa kuulizwa juu ya leseni, maeneo yaliyofungwa na nyavu zinazoruhusiwa.

Chambo chenyewe hupatikana kwa kimia, yaani wavu wa kurushwa kwa mkono, alfajiri kabla mwanga haujakolea, wakati simu na chaa wanapokuwa karibu kabisa na ukingo na hawaoni vizuri kinachowaangukia. Kimia chenye matundu makubwa huwanasa samaki hawa kwenye mashavu na kuwaua palepale. Chenye matundu madogo mno huzama polepole na samaki huwahi kutoka chini yake, mbali na kwamba kinaweza kukuingiza matatani kisheria. Vyandarua vya mbu na makokoro havifai kabisa, kwani vimepigwa marufuku na huzoa hata vifaranga ambavyo havina ukubwa wa kutiwa kwenye ndoana. Ukikivuta kimia juu, usikikung'utie mchangani. Kifungulie ndani ya beseni lenye maji, samaki waanguke wenyewe bila kushikwa, na aliyegandamana na uzi mtoe kwa mkono uliolowa. Asiye na kimia anaweza kununua kamba hai kwa wavuvi wa mikokoni, au kuwaomba wenye uzio wa kunasia samaki wamwachie chaa wachache maji yanapopwa. Mimi huona kamba hai ndiye chambo kisichokataliwa na samaki yeyote, ingawa ubaya wake ni kwamba hata samaki wadogo wasiotakiwa hawamkatai.

Sasa ndoo. Maji ya bahari yenye joto la nyuzi 20 yanaweza kubeba takriban miligramu 7.4 za oksijeni katika kila lita, lakini yakifika nyuzi 30 hubeba takriban 6.2 tu. Wakati huohuo, mwili wa samaki hufuata joto la maji aliyomo, na mahitaji yake ya oksijeni hukaribia kuongezeka maradufu kwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka. Hewa inapungua na mlaji wa hewa anazidi kula: ndiyo maana ndoo iliyotosha vizuri mwezi wa Agosti inakuwa kaburi mwezi wa Februari. Juu ya hayo, samaki waliosongamana hutoa amonia kupitia matamvua na kinyesi, na amonia hiyo huunguza matamvua yaleyale wanayohitaji kupumulia.

Chombo kiwe cha mviringo. Simu huogelea bila kusimama, na katika chombo chenye pembe hujibana kwenye kona, hukwaruzana na kumwaga magamba. Kwa ndoo ya lita 20 isiyo na pampu, usizidishe samaki sita wenye urefu wa kidole. Ukiwa na pampu ya hewa ya betri, kama zile zinazotumiwa na wafugaji wa samaki wa mapambo, unaweza kuweka mara mbili ya hao. Kwa mtumbwi, njia bora na isiyo na gharama ni dumu la plastiki lililotobolewa matundu mengi madogo pande zote, likafungwa kamba na kuachwa lielee ubavuni, ili maji ya hori yenyewe yapite ndani yake muda wote. Dumu hilo lisikokotwe wakati wa kupiga kasia kwa nguvu, kwa sababu msukumo wa maji huwachosha samaki na kuwabandika ukutani. Wakati wa safari wahamishie kwenye ndoo, ukifika warudishe.

Mwenye ndoo tu abadilishe maji kila baada ya dakika 15 au 20, nusu ya maji kwa wakati mmoja, akichota mbali na ukingo ambako maji yamepoa zaidi. Ndoo ikae kivulini na ifunikwe kwa gunia lililolowa. Chupa ya maji yaliyogandishwa, ikiwa imefungwa vizuri, husaidia kushusha joto kidogo, ila barafu isitiwe moja kwa moja, kwa kuwa huyeyuka ikawa maji yasiyo na chumvi, mara nyingi yenye klorini ya bomba, na samaki wa maji ya chumvi hawayawezi. Mikono yenye mafuta ya kujipaka, sabuni au petroli isiguse maji hayo.

Chungulia ndoo mara kwa mara, kwani samaki husema hali yao mapema. Wakiwa wazima huogelea kwa pamoja wakielekea upande mmoja, migongo ikiwa imekoza rangi, na kivuli cha mkono kikipita juu yao hutawanyika mara moja. Wakianza kupanda juu mmoja mmoja na kufunua midomo usoni mwa maji, hewa imekwisha na una dakika chache tu. Pua zikiwa nyekundu, wamejigonga kwenye kuta. Povu jeupe lisilopasuka upesi, lenye magamba yanayoelea ndani yake, maana yake ni kwamba maji yamechafuka na hata ukiongeza hewa hayatafaa; yamwage yote isipokuwa yale yanayowafunika samaki, utie mapya. Aliyekufa atolewe papo hapo.

Vifaa havihitaji kuwa vya bei kubwa. Nailoni ya unene wa milimita 0.5 hadi 0.6 inatosha kwa samaki wengi wa horini, ikifungwa mwishoni kipande cha mita moja cha nailoni nene zaidi kwa ajili ya meno na miamba. Chubwi liwe dogo kadiri mkondo unavyoruhusu, kwa sababu chambo hai kinachoning'inizwa uzito mkubwa kinakuwa hakina tofauti na kilichokufa. Ndoana ninayoipendekeza ni ile ya duara, ambayo ncha yake imepinda kurudi ndani kuelekea mpini wake. Kwa kawaida hujipachika kwenye pembe ya mdomo, si tumboni, hivyo samaki mdogo anaweza kurudishwa akiwa na uhai. Sharti lake ni moja, nalo huwashinda wengi waliozoea ndoana za kawaida: usivute kwa kishindo. Mshipi ukianza kwenda, uache ukaze wenyewe, kisha uvute kwa nguvu ya kudumu.

Ukubwa wa ndoana upimwe na chambo, si samaki unayemtamani, kwa kuwa ndoana kubwa humlemea simu na kumuua. Kwenye mkondo, mchome samaki wa chambo kupitia mdomo wa juu ili maji yaingie mdomoni mwake na kutoka matamvuani kama kawaida. Kwenye maji yaliyotulia, mchome juu ya mgongo, mbele kidogo ya pezi, kwa kupitisha ncha kwenye ngozi na nyama ya juu tu bila kugusa uti. Kamba naye huchomwa chini ya pembe ya kichwani, lakini tazama kwanza: kupitia gamba lake angavu utaona doa jeusi nyuma ya macho, na ndoana ikipita hapo anakufa papo hapo. Ipitishe mbele ya doa hilo, au umchome kwenye pingili ya pili kutoka mkiani.

Tupa kwa upole, kwa kumrusha chambo kama mtu anayeweka kitu, upande wa juu wa mkondo, umwache aelee kuelekea kinywa cha kijito. Kila samaki hujitambulisha kwa namna yake. Changu hudonoa kwanza, kwa hiyo subiri. Kolekole hupiga na kukimbia bila onyo, na mshipi uliozungushwa mkononi unaweza kukata nyama hadi mfupa, basi usiuzungushe kamwe. Kata vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli uvivae vidoleni. Chewa huchukua na kurudi shimoni, na huyo tu ndiye anayestahili kuvutwa bila kusubiri. Chambo kikirudi nusu, kimekatwa kama kwa wembe, huyo ni mzia, na hutampata bila kipande kifupi cha waya.

Baadhi ya wanaopanda kwenye mshipi si wa kushikwa ovyo. Tasi na ngogo wana miiba yenye sumu, na samaki-jiwe aliyejificha kwenye mwamba ni mbaya kuliko hao, hivyo vaa viatu vya soli ngumu unapotembea majini. Aliyechomwa atumbukize sehemu hiyo kwenye maji ya moto anayoweza kuyavumilia, yasizidi nyuzi 45, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu huku akipelekwa hospitali. Bunju arudishwe baharini, maana sumu yake haiondoki kwa kupikwa. Kasa akinasa, asiinuliwe kwa mshipi. Msogeze taratibu, ukate uzi karibu na ndoana iwezekanavyo na umwachie.

Samaki uliyekusudia kumla achinjwe na kutolewa damu mara moja, kisha atiwe barafu kwa kipimo cha kilo moja kwa kila kilo ya samaki. Nguru na kibua hasa hawasubiri: wakikaa juani huzalisha histamini, ambayo huwasha na kutapisha hata baada ya kukaangwa. Chambo kilichosalia hai kirudishwe pale kilipotolewa, na kilichokufa kikiwa bado kigumu kitiwe barafuni pia, kwani vipande vyake vinafaa kwa mshipi wa chini usiku uleule.