Mita ya sumaku: kuiwasha na kuhakiki usahihi wake

Mita ya sumaku hupima mtiririko wa maji ndani ya bomba kwa elektrodi mbili zinazogusa maji. Mfano wetu ni mita ya milimita 80, spani (upeo wa kipimo) ya 0 hadi 50 m³ kwa saa, yenye pato la 4–20 mA, yaani mkondo wa umeme unaobeba kipimo: 4 ni sifuri, 20 ni spani nzima. Mita ikilalamikiwa kuwa inadanganya, anza na bomba. Kigezo cha kalibresheni (namba inayogeuza ishara ya sensa kuwa mtiririko) usikiguse hadi mwisho kabisa.

1. Bomba kwanza. Kabla ya mita pawe na bomba nyoofu la angalau kipenyo mara 5 (mm 400), na baada yake mara 3 (mm 240). Kama kabla yake kuna pampu au valvu iliyofunguliwa nusu, fanya mara 10. Elektrodi zikae kulia na kushoto: ikiwa juu hewa inaikalia, ikiwa chini matope yanaifunika. Gasketi isichungulie ndani ya bomba, na isiwe ya grafiti, maana inaweza kuacha utando unaopitisha umeme juu ya bitana (tabaka la kuhami lililo ndani ya mita). Kama kuchomelea hakujaisha, funga kipande cha bomba chenye urefu uleule mahali pa mita.

2. Ethi (waya wa ardhi). Bomba likiwa la plastiki au lina bitana, weka pete za ethi pande zote mbili za mita. Bila hizo namba hazitulii.

3. Ingiza namba. Kipenyo, kigezo kilichoandikwa kwenye kibao, kizio, spani, mwelekeo. Transmita (sehemu yenye skrini inayotuma kipimo) ikiwa imefungwa mbali na sensa, linganisha namba za usajili: kigezo ni cha sensa, kwa hiyo transmita iliyotolewa kwenye mita nyingine inakuja na kigezo kisicho chake.

4. Sifuri. Endesha pampu dakika 10 hewa itoke. Funga valvu ya baada ya mita, kisha ya kabla; bomba libaki limejaa, maji yamesimama. Hapa wengi hukosea: kikato cha mtiririko mdogo (mpangilio unaohesabu mtiririko mdogo sana kuwa sifuri) kikiwa kimewashwa, skrini itaonyesha 0.00 hata kama sifuri imehama. Kizime, subiri namba itulie, rekebisha sifuri, ndipo ukirudishe kwenye asilimia 1 au 2 ya spani.

5. Saketi. Iamuru transmita itoe 4, 8, 12, 16 na 20 mA. Skrini ya PLC (kompyuta ya kuendeshea mitambo inayopokea mkondo huo) isome 0, 12.5, 25, 37.5 na 50. Multimita ikisema 12.00 na skrini 30, mita haina kosa; kuna mtu ameandika spani ya 60 kwenye PLC.

6. Tanki kwenye mizani. Elekeza maji yaliyopita kwenye mita yaingie tanki lililo juu ya mizani, kisha linganisha. Kwa 20 m³ kwa saa, lita 1,000 huchukua sekunde 180. Usijaribu kwa sekunde 30: ukichelewa nusu sekunde tu kufunga, tayari ni kosa la asilimia 1.7. Soma jumla ya lita, si kasi ya papo hapo. Mfano: mizani kilo 996, maji ya nyuzi 25 yana kilo 0.997 kwa lita, kwa hiyo ni lita 999. Mita ilihesabu 1,012. Kosa ni +1.3%.

Rudia mara tatu kwa 10, 25 na 40 m³ kwa saa, kisha tazama umbo la makosa. Asilimia ikiwa ileile kote, shida ni kigezo au spani. Ikiwa 2% kwenye 10 na 0.5% kwenye 40, zote ni 0.2 m³ kwa saa: rudi hatua ya 4. Ukilazimika kubadili kigezo, andika kwanza cha zamani.

Maswali ya wanachama

Bomba ni tupu lakini mita inahesabu. Kwa nini?
Elektrodi zilizo hewani hudaka kelele za umeme kama antena. Washa utambuzi wa bomba tupu. Dawa ya kudumu ni kuihamishia mita kwenye bomba linalopanda juu, ambalo hubaki limejaa.

Ya kwangu ni ya tofauti ya shinikizo. Sifuri ni sawa, 50 ni sawa, lakini kwenye 25 inasoma 35.
Kwenye mita hiyo mtiririko hupatikana kwa kipeuo cha pili cha tofauti ya shinikizo; hapa kimechukuliwa mara mbili, kwenye transmita na kwenye PLC. Nusu ya spani inageuka 70.7%, ndiyo 35 yako. Kifute upande mmoja.

Maji ya boila yaliyoondolewa madini yanasomeka ovyo, na nimesharekebisha sifuri mara nne.
Acha kurekebisha. Mita nyingi za sumaku huhitaji upitishaji wa angalau mikrosimensi 5 kwa sentimita, na maji hayo huwa chini ya hapo. Funga mita ya Coriolis au ya voteksi, ambazo hazitegemei upitishaji wa umeme.