Pampu ya Kisima Imekufa au Inasingiziwa? Pima Kabla Hujanunua Mpya

Kung'oa pampu iliyoning'inia mita 50 chini ni kazi ya watu watatu kwa nusu siku, na mara nyingi tatizo linakuwa juu, kwenye boksi la stata, yaani la kuwashia pampu. Kwa hiyo anza juu, ushuke chini. Vipimo hivi ni vya pampu ya kuzama ya inchi 4, fezi moja, HP 0.5 hadi 1.5.

Uwe na multimita inayopima kapasita, klampumita (kipimo cha ampia kinachobana waya), geji ya presha ya bar 10, ndoo ya lita 20 na kamba yenye uzito. Bisibisi ya tesita iache nyumbani. Inawaka hata umeme ukiwa hafifu, usioweza kuzungusha chochote.

1. Umeme. Pima volti pampu ikiwa inafanya kazi. Ukipata chini ya 207, usiihukumu pampu. Rudia alfajiri, majirani wakiwa hawajawasha majiko.

2. Kapasita, inayoisaidia mota kuanza kuzunguka. Pampu ikivuma bila kuleta maji, kisha breka ikaruka, shuku hii kwanza. Zima swichi kuu, toa chaji kwa kugusisha miguu yake kwenye taa ya nyuzi, ichomoe, upime. Ikipungua zaidi ya asilimia 10 ya namba iliyoandikwa ubavuni, weka nyingine ya namba ileile, volti 450. Kuweka kubwa zaidi "ipate nguvu" ni kuunguza koili.

3. Ampia. Linganisha na kibao cha pampu. Zikizidi huku maji ni kidogo na volti ni nzuri, kuna kinachokwama: mchanga au beringi. Zikiwa chini sana, pampu inazunguka bila kusukuma. Nenda hatua ya 4.

4. Kisima, bomba au pampu? Hapa ndipo pampu nzima nyingi zinapotupwa. Kisima cha Buswelu au Buhongwa, Mwanza, kilichochimbwa kwenye granaiti hupata maji kupitia nyufa za mwamba, na kiangazi nyufa hizo huleta kidogo. Dalili zake zinafanana kabisa na za pampu iliyochoka.

Acha kisima kipumzike usiku kucha. Asubuhi, kabla ya kuwasha, shusha kamba ujue maji yako mita ngapi kutoka usawa utakapofunga geji. Washa, ujaze ndoo, uhesabu sekunde. Maji yakianza kwa nguvu halafu yakatema hewa, kisima ndicho kimezidiwa. Pampu mpya haitaongeza hata tone. Yakiwa dhaifu tangu sekunde ya kwanza, endelea.

Funga geji kati ya kisima na geti valvu. Washa, kisha funga valvu kabisa, usome geji ndani ya nusu dakika. Usizidishe dakika moja: mota hupozwa na maji yanayopita ubavuni mwake. Kipimo hiki kisifanywe kwenye polipaipu ya PN6 (ya bar 6), wala kwa geji ya bar 10 kama Hmax, yaani kimo cha juu kabisa ambacho pampu inaweza kusukuma maji, inazidi mita 100.

Bar 1 ni takriban mita 10. Tuseme kibao kinasema Hmax 80 na maji yako mita 25: geji ingetakiwa kusoma karibu bar 5.5. Ikisoma 3, pampu inasukuma mita 55 tu: 30 za geji na 25 za kina.

Usinunue bado. Zima pampu, valvu ikiwa imefungwa vilevile, uangalie mshale. Ukianguka haraka, bomba limetoboka au valvu ya kuzuia maji kurudi haishiki. Tega sikio kisimani. Tundu kubwa husikika likimwaga. Na kama kuna aliyefungua boksi hivi karibuni, hakikisha hakubadilisha nafasi za waya, maana pampu ikizunguka kinyume nayo huleta maji dhaifu. Mshale ukitulia na waya ziko sawa, impela (visukumio vya maji ndani ya pampu) zimelika. Mchanga wa granaiti ni msasa.

5. Koili. Tenganisha waya na boksi. Upinzani mkubwa kati ya waya tatu ulingane na jumla ya ule wa jozi mbili nyingine. Kisha megga (kipimo cha insulesheni) ya volti 500, kila waya na ardhi. Chini ya megaomu 0.5 ni hatari, lakini kosa laweza kuwa kwenye maungio ya waya ndani ya maji, hasa yaliyofungwa kwa tepu. Kata maungio, pima mota yenyewe. Multimita haifai kupima insulesheni.

6. Hukumu. Vuta kwa kamba ya pampu, kamwe si kwa waya. Safisha chujio kwanza. Mota nzima na impela zimelika: badilisha sehemu ya impela pekee, kama vipuri vyake vinapatikana. Mota haina insulesheni au shafti inacheza kando: nunua nyingine. Kusuka upya mota ndogo ya kuzama sikushauri. Sili zikifunguliwa, maji hurudi ndani.

Ukinunua, usipande HP. Chagua kwa ripoti ya mchimbaji: kisima cha lita 1,500 kwa saa kikipewa pampu ya lita 3,000, itakuwa inazunguka kavu kila siku.