Kuingiza Makumbusho ya Fort Jesus katika Kozi ya Historia ya Chuo Kikuu

Kwa mihula kadhaa niliwapeleka wanafunzi wangu Fort Jesus, ngome ya kale ya Wareno iliyo makumbusho mjini Mombasa, wiki ya mwisho ya kozi, nao walirudi na picha nyingi na maswali machache. Tangu nilipobadili mpangilio, ziara hiyo imekuwa kiini cha kozi yenyewe.

Hatua ya kwanza: weka ziara katika wiki ya nne au ya tano, kabla ya mihadhara inayoihusu, ili vitu vyenyewe vizue maswali.

Hatua ya pili: tangulia peke yako, uzungumze na wahifadhi, kisha uchague vitu visivyozidi sita. Mimi huanza na vile vilivyoopolewa kutoka Santo António de Tanná, merikebu ya Kireno iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697, Waomani walipokuwa wameizingira ngome hiyo; merikebu hiyo waakiolojia waliichimbua chini ya maji kuanzia mwaka 1977.

Hatua ya tatu ndiyo nzito, wala usikubali kuifupisha. Kila mwanafunzi akae mbele ya kitu kimoja kwa dakika 40 bila kusoma maelezo yaliyobandikwa kando yake. Kwanza akichore kwa penseli, hata kama hajui kuchora, kwa sababu mkono hulazimisha jicho kuona ufa, kiraka na alama za matumizi. Kisha aandike kimetengenezwa kwa kitu gani na huenda kilipita mikononi mwa nani. Baada ya hapo ndipo asome maelezo na kujiuliza yamemsahau nani. Anayegundua kwamba merikebu hiyo "ya Kireno" iliundwa Bassein, India, ataanza mwenyewe kuuliza habari za mafundi na mabaharia wake, na swali hilo humfungulia Bahari ya Hindi yote. Kuta nazo zisomwe kama kitu cha maonyesho: zilijengwa kati ya mwaka 1593 na 1596, na chini ya Waingereza zikawa gereza hadi mwaka 1958.

Hatua ya nne: toa alama. Insha inayolinganisha kitu hicho na chanzo kimoja cha maandishi ichukue angalau robo ya alama za kozi, la sivyo kazi itafanywa juujuu. Nauli na kiingilio viombewe fedha za idara mapema, maana si haki mwanafunzi akose alama kwa kukosa nauli.

Mwisho, wapelekee wahifadhi nakala za insha bora, na katika ziara ijayo waombe wawaeleze wanafunzi wapi wanakubaliana nazo na wapi wanazipinga.