Namna ya Kuikagua Bunduki ya Kiingereza Iliyotengenezwa kwa Mkono

Anayeshika kwa mara ya kwanza bunduki ya marisau ya mitutu miwili kutoka London au Birmingham huvutwa na nakshi za ubavuni na jina la mtengenezaji. Hayo yatazamwe mwisho. Bunduki nyingi zenye majina ya maduka ya miji midogo ya Uingereza zilitengenezwa na mafundi wa mtaa mmoja wa Birmingham, ambao hadi leo unaitwa Mtaa wa Bunduki, kisha mwenye duka akaagiza jina lake lichorwe juu. Thamani ya kazi imefichwa ndani, kwenye maungio ambayo mnunuzi hakutarajiwa kuyaona.

Anza kwa idhini ya mwenye bunduki na kwa kujua sheria ya leseni ya mahali ulipo. Ifungue, tazama chemba zote mbili, yaani sehemu za nyuma za mitutu zinazopokea katriji, kisha zipapase kwa kidole ili uhakikishe kwamba hazina kitu. Baada ya hapo ondoa kipande cha mbao kilicho chini ya mitutu, na mitutu yenyewe itatengana na mwili wa bunduki bila kuhitaji bisibisi.

Igeuze mitutu uangalie sehemu bapa iliyo chini ya chemba, kwa maana huko ndiko kuna alama za uthibitisho, na alama hizo hazimsifu mtengenezaji wala hazimwonei. Chama cha watengenezaji bunduki cha London kilipata hati ya kifalme mwaka 1637. Birmingham ilipata Nyumba ya Uthibitisho yake kwa sheria ya Bunge mwaka 1813. Katika nyumba hizo kila mtutu hufyatuliwa kwa shehena yenye nguvu kupita ya kawaida, na ukisalimika hupigwa chapa. London hutumia herufi GP zilizosukwa pamoja chini ya taji. Birmingham ilitumia fimbo mbili za kifalme zilizopishana hadi mwaka 1904, kisha ikaanza kutumia herufi BP na BV chini ya taji. Ukiona NP, jua kwamba mtutu umejaribiwa kwa baruti ya kisasa isiyotoa moshi. Ukizikosa herufi NP kwenye bunduki ya karne ya 19, ichukulie kuwa ya baruti nyeusi tu, hata kama inang'aa kama mpya.

Karibu na chapa kuna namba ya kipenyo. Namba 12 maana yake ni kwamba ratili moja ya madini ya risasi hutoa gololi 12 zinazoenea ndani ya mtutu huo, yaani kipenyo cha takriban milimita 18.5. Mpe fundi apime kwa kifaa chake, kwa kuwa mtutu uliosuguliwa mara nyingi ili kuondoa kutu hupanuka, na ukizidi kipimo kilichochapwa kwa takriban robo ya milimita uthibitisho wake huwa umekufa. Kuuza bunduki ya namna hiyo huko Uingereza ni kosa la jinai. Apime na urefu wa chemba: bunduki nyingi za zamani zina chemba ya milimita 65, na katriji ya milimita 70 huingia humo bila shida yoyote, jambo ambalo ndilo hatari yenyewe, kwa sababu mdomo wake hukosa nafasi ya kufunguka na shinikizo hupanda.

Sasa ining'inize mitutu kwa kidole kupitia ndoano yake ya chini, uigonge taratibu kwa kifundo cha kidole kingine. Mitutu iliyoungwa vizuri hulia kama kengele. Sauti ikiwa butu, huenda ubapa unaoiunganisha umeachia mahali fulani. Kisha ielekeze dirishani na ufuatilie kivuli kinachopita ndani kwa urefu wote: kikivunjika au kikipinda, hapo pamebonyea au pamevimba. Michirizi ya mawimbi kwenye chuma huonyesha mtutu wa Dameski, uliofuliwa kwa kusokota pamoja vipande vya chuma laini na chuma cha pua.

Kisha ufike kwenye maungio. Fundi wa Kiingereza huwasha taa ndogo ya mafuta yenye moshi, akapaka masizi kwenye chuma kimoja, akakifunga juu ya kingine na kukifungua tena. Palipogusana hubaki doa jeusi, naye huliondoa kwa tupa, kidogo sana, kisha hurudia mpaka masizi yaenee sawasawa pote. Kazi hii huchukua siku nyingi. Ili uipime, rudisha mitutu bila kile kipande cha mbao, ifunge, uitikise kidogo: isitikisike. Ielekeze kwenye mwanga, na kusiwe na mstari wa nuru kati ya mitutu na ukuta wa mwili wa bunduki unaoifunga kwa nyuma.

Aina ya mtambo wa kufyatulia huonekana kwa nje. Mtambo uliofichwa ndani ya mwili wa bunduki ulibuniwa na William Anson na John Deeley mwaka 1875 katika kampuni ya Westley Richards ya Birmingham. Ni imara na rahisi, na kwa maoni yangu hudharauliwa bila haki. Mtambo wenye mabamba ubavuni ndio ulioyapa makampuni ya London sifa. Ule wa kampuni ya Purdey ya London, uliobuniwa na Frederick Beesley mwaka 1880, hutumia nguvu ya kamani zake kuifungua bunduki yenyewe.

Kuhusu mbao za mjozi, angalia pale zinapokutana na chuma: unywele usipite. Vichwa vya skrubu vitakueleza mengi pia. Fundi mwangalifu huhakikisha kwamba mfuo wa kila skrubu, ikikazwa kikamilifu, unalala sambamba na mitutu. Mifuo iliyopinda au kuchubuka ni ushahidi wa mkono mwingine uliopita baadaye.

Nakshi nazo zitazamwe kwa kioo cha kukuza: mistari ya mkono hupishana unene na kina chake, na iliyofifia pembeni imeshasuguliwa. Hatimaye soma jina na namba ya bunduki, kisha uwaandikie watengenezaji. Purdey, iliyoanza mwaka 1814, na Holland & Holland, ya mwaka 1835, zimehifadhi daftari zao, na ukiwapa namba wanaweza kukueleza bunduki ilikamilika lini na ilikuwa na vipimo gani. Linganisha vipimo hivyo na ulivyonavyo mkononi kabla ya kukubaliana bei.