Dripu kwa Mtoto Aliyejeruhiwa Vibaya: Mwongozo wa Njiani Kabla ya Kufika Hospitali

Mwongozo huu nimewaandikia wahudumu wa ambulensi, wauguzi na maafisa wa kliniki wa Mombasa ambao tayari wamefunzwa kuweka dripu, lakini hawapati mara nyingi mtoto anayevuja damu mikononi mwao. Msimamo wangu ni huu: maji ya dripu hayachukui nafasi ya damu. Hayabebi oksijeni, na yakizidi huzimua damu iliyobaki hadi ikashindwa kuganda. Kwa hiyo hutolewa kidogo kidogo, kwa kipimo, ili moyo uendelee kusukuma mpaka mtoto afike penye damu na daktari wa upasuaji. Asiyefunzwa asiguse sindano. Kuzuia damu na kumtunzia mtoto joto ni kazi anayoweza kuifanya vyema.

Hatua ya kwanza: zuia damu

Kabla ya kufungua kifuko chochote, hakikisha njia ya hewa i wazi, mtoto anapumua, na damu inayoonekana imezuiwa. Kandamiza kidonda moja kwa moja kwa kitambaa safi; ikiwa mkono au mguu unatoa damu isiyokoma, funga mkanda wa kubana juu ya kidonda na uandike saa uliyoufunga. Nyonga inayoshukiwa kuvunjika ifungwe kwa mkanda wake maalumu, na usipokuwapo, leso iliyokunjwa kwa upana na kukazwa usawa wa maungio ya mapaja, si kiunoni, itafaa. Leso haikosekani penye ajali hapa kwetu.

Watu waliozunguka wataleta maji, soda, hata dafu, kwa huruma ya kweli. Kataa kwa upole. Mtoto huyu huenda akahitaji upasuaji, na akitapika akiwa amelegea, matapishi yataingia mapafuni. Inatosha kumlowesha midomo.

Hatua ya pili: jua uzito wake

Kila kipimo kitategemea uzito, na mizani hakuna barabarani. Muulize mzazi kama anaukumbuka uzito wa kliniki wa hivi karibuni. Asipokuwapo, tumia umri. Kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 5, zidisha miaka kwa 2 kisha ongeza 8. Kwa wa miaka 6 hadi 12, zidisha kwa 3 kisha ongeza 7. Kwa aliye chini ya mwaka, chukua nusu ya idadi ya miezi na uongeze 4. Mtoto wa miaka 3 basi tunamkadiria kuwa na kilo 14, na namba hiyo iandikwe mara moja kwenye plasta iliyobandikwa mahali unapoiona.

Tumfuate mtoto huyo wa kilo 14. Mwili wake una takriban mililita 80 za damu kwa kila kilo, yaani kama lita 1 na mililita 120. Kifuko cha nusu lita kikiachwa wazi kimwagike chote, ataingiziwa maji yanayokaribia nusu ya damu yote iliyomo mwilini mwake. Hii ndiyo sababu nasisitiza kwamba dripu ya mtoto aliyejeruhiwa isiachwe kutiririka yenyewe.

Hatua ya tatu: amua kama anahitaji maji

Presha ya mtoto hudanganya. Mishipa yake hujibana kwa nguvu na moyo wake hukimbia, hivyo anaweza kupoteza robo ya damu yake au zaidi huku presha ikisoma sawasawa, kisha akaporomoka ghafla. Usiisubiri. Tazama viganja, midomo na ndani ya kope kama vimepauka. Gusa miguu kama ni ya baridi. Bonyeza kifua kwa sekunde 5 uone kama rangi inarudi ndani ya sekunde 2. Mapigo ya moyo ya mtoto wa miaka 2 hadi 5 kwa kawaida huwa kati ya 95 na 140 kwa dakika, lakini kilio na maumivu pia huyapandisha, kwa hiyo dalili moja peke yake isikupeleke mbio. Kinachonitia hofu zaidi ni mtoto aliyekuwa akilia kwa nguvu ambaye ameanza kunyamaza na kusinzia.

Akiwa macho, anajibu, na mapigo ya mkononi yanashikika vizuri, unaweza kuweka kanula (mrija mwembamba wa mshipani), lakini maji hayahitaji. Mapigo yakiwa hafifu, ngozi ya baridi na fahamu zimepungua, anza. Kiwango cha chini cha namba ya juu ya presha (sistoli) kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 10 ni 70 ukijumlisha umri wake mara mbili, yaani 76 kwa huyu wetu. Akifika chini ya hapo umekwisha kuchelewa.

Hatua ya nne: pata njia ya kupitishia maji

Fanya kazi hii gari likiwa linakwenda, au wakati ambao ungepotea vyovyote vile. Ukitokea Likoni na feri bado haijagusa gati, hapo pana nafasi ya kutafuta mshipa kwa utulivu. Ukiwa Bombolulu na barabara ya kuelekea Nyali i wazi, usimsimamishe dereva kwa ajili ya kanula. Ukijaribu mara mbili, au dakika moja na nusu ikapita bila kufaulu, nenda kwenye mfupa.

Sindano ya mfupa huingizwa kwenye ubapa wa ndani wa muundi, sentimita 1 hadi 2 chini ya kinundu cha mfupa wa muundi kilicho mbele, chini kidogo ya goti. Mguu uwe haujavunjika. Ikiingia vizuri husimama yenyewe. Sukuma mililita chache za maji ya chumvi huku ukishika upande wa nyuma wa mguu. Ukivimba, maji yanakwenda kwenye nyama, basi toa na uhamie mguu wa pili. Maji hayashuki vizuri mfupani kwa uzito wake tu. Lazima yasukumwe, jambo linalotufikisha kwenye hatua iliyo moyo wa mwongozo huu.

Hatua ya tano: toa kwa bomba la sindano, si kwa kifuko

Tumia maji ya chumvi ya asilimia 0.9 au maji ya Ringer. Unganisha kifuko, kiungo cha njia tatu na bomba la sindano la mililita 20 au 50. Vuta kutoka kwenye kifuko, geuza kiungo, sukuma kwa mtoto, na msaidizi ahesabu kwa sauti. Toa viputo vya hewa kwanza.

Kipimo cha kwanza ni mililita 5 kwa kila kilo: kwa mtoto wetu ni mililita 70. Kisha simama. Pima tena mapigo, ubaridi wa miguu, kurudi kwa rangi, fahamu na presha. Akiwa ameimarika, usiongeze, hata kama kifuko kimejaa na mama anauliza kwa nini dripu imefungwa, mweleze. Asipoimarika, rudia mililita 70 na umpime upya kila mara. Ukifikia mililita 20 kwa kilo, yaani 280, na bado hali ni mbaya, anachohitaji ni damu, na hospitali inapaswa kuwa imekwisha kupigiwa simu waiandae.

Wengi wetu tumesikia kwamba maji ya haraka huua watoto. Chanzo ni utafiti wa FEAST, uliochapishwa mwaka 2011, uliohusisha watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania, ambapo majirani zetu wa Kilifi walishiriki. Waliopewa maji mengi kwa mkupuo walikufa zaidi ndani ya saa 48: kama 10 kwa kila 100, dhidi ya 7 kwa wasiopewa. Lakini wale walikuwa na homa kali na maambukizi, majeruhi hawakuingizwa. Matokeo hayo yasitumike kumnyima maji mtoto anayekata roho kwa kuvuja damu, ingawa yanatufundisha kuheshimu kipimo.

Jeraha la kichwa hubadilisha hesabu. Ubongo uliojeruhiwa hauvumilii presha ya chini hata kwa dakika chache, kwa hiyo hapa usiridhike na 76. Lenga karibu na 90 ukijumlisha umri mara mbili. Usimpe maji ya glukosi kama maji ya kuongeza, kwani huvimbisha ubongo. Hata hivyo pima sukari, na ikiwa imeshuka, itibu kwa glukosi ya asilimia 10 kwa kipimo cha mwongozo wenu. Mtoto aliyeungua ana hesabu yake nyingine, inayoanzia saa aliyoungua.

Joto na asidi ya traneksamiki

Hata katika joto la Mombasa mtoto huyu hupoa, na damu iliyopoa haigandi vizuri. Vua nguo zilizolowa, mfunike hadi kichwani, zima kiyoyozi cha gari hata kama wewe unatokwa jasho. Maji ya dripu yakiweza kupashwa hadi karibu nyuzi 38, ni bora.

Ikiwa ruhusa ya kazi yako inakuwezesha, toa asidi ya traneksamiki, dawa inayosaidia kupunguza kuvuja damu, miligramu 15 kwa kilo, isizidi gramu 1, polepole kwa dakika 10, ndani ya saa 3 tangu ajali. Kwa kilo 14 ni miligramu 210, sawa na mililita 2.1 za dawa yenye miligramu 100 kwa mililita. Safari isicheleweshwe kwa ajili yake.

Kukabidhi

Ukifika Hospitali ya Rufaa ya Pwani au kwingineko, taja kwa mpangilio huu: uzito uliotumia, saa ya ajali, jumla ya mililita ulizotoa na kila alivyoitikia, sindano iko wapi, saa ya asidi ya traneksamiki, na saa ya mkanda wa kubana kama upo. Sema jumla ya maji kwa mililita, kamwe usiseme «nusu kifuko», kisha ibandue ile plasta uliyoandikia uibandike kwenye fomu ya mtoto kabla hujaondoka.