Chumba cha seva kinakula umeme sana? Panga kazi za seva na AC kwa pamoja

Wiki iliyopita nilikuwa namsaidia mdogo wangu wa kazini, ana chumba cha seva hapa Dar, raki mbili na AC mbili za ukutani zimesetiwa 18 usiku na mchana, luku haikai. Wengi tunahangaika na AC peke yake, au seva peke yake, ndo maana bili haishuki.

1. Pima kwanza
Soma kilowati za seva kwenye UPS (ile betri ya akiba inayolisha seva), halafu za chumba kizima kwenye mita. Gawanya za chumba kwa za seva, hiyo ndo PUE, kipimo cha umeme wa chumba ukilinganisha na wa seva. Ukipata 2 maana yake kila uniti inayoingia kwenye seva, nyingine inaenda kwenye AC, UPS na taa.

2. Kusanya VM (kompyuta za kuigiza zinazoendeshwa ndani ya seva) kwenye seva chache, zima seva zilizokaa bure
Seva isiyo na kazi bado inakula, zile za zamani karibu nusu ya zinavyokula zikiwa zimebanwa. Mimi natumia Proxmox (programu ya kuendesha VM), VM zinahama bila kuzimwa, sioni sababu ya kulipia kitu kingine kwa chumba kidogo.

3. Angalia umehamishia WAPI
Hapa tulipoteza masaa manne. VM zote tulizipeleka seva tatu zilizokuwa juu kabisa ya raki ya pembeni, baada ya nusu saa feni zikaanza kuvuma mpaka hatusikilizani. Tukashusha AC hadi 17, wapi! Nikaja kupiga `ipmitool sdr type Temperature` (amri ya kusoma sensa za joto za seva), hewa inayoingia kwenye seva ni 34 wakati rimoti ya AC inasoma 17, kumbe rimoti inakuonyesha ulichoomba tu, seva inavuta hewa gani haijui. Nikapitisha kiganja mbele ya raki, kwenye nafasi wazi katikati ya seva unatoka upepo wa moto kabisa, hewa ya nyuma inapita hapo inarudi mbele inavutwa tena. Tukaziba nafasi zote kwa vibao vya raki (msitumie maboksi jamani, yanashika moto), tukahamishia kazi seva za chini kwenye raki iliyo karibu na AC, hewa inayoingia ikashuka hadi 24. Angalizo: soma ile sensa ya Inlet au Ambient, usisome ya CPU, hiyo kuwa 60 ni kawaida. Na majina yanabadilika kutegemea seva, kama huna uhakika puliza hewa baridi mbele uone ipi inashuka.

4. Pandisha AC digrii moja kwa siku
ASHRAE, chama cha mainjinia wa ubaridi cha Marekani, wanashauri hewa inayoingia iwe kati ya 18 na 27, kwahiyo hiyo 18 kwenye rimoti ni kutupa hela. Ila usikimbilie 27. Kila ukipandisha piga `ipmitool sdr type Fan`, feni zikianza kuongeza mwendo rudi digrii moja. Feni ukiipunguza mwendo hadi asilimia 80 inakula karibu nusu tu ya umeme wake, sasa geuza hesabu uone ikiongeza inakuwaje. Na hapa PUE itakudanganya vibaya, umeme wa feni za ndani unahesabiwa ni wa seva, kwahiyo PUE inapendeza huku uniti zinaongezeka. Mimi naamini uniti za siku nzima kwenye mita, basi. Kwa huyu bwana mdogo tuliishia inlet 25.

5. Bakapu na ripoti nzito peleka usiku
Nje kukipoa AC inatoa joto kirahisi. Weka kwenye cron, kile kipanga ratiba cha Linux.

Halafu kuna waliozoea kufungua dirisha usiku kusaidia AC. Nairobi kwenye baridi yao sawa, ila Dar hapana, unyevu na chumvi ya bahari vitakula bodi za seva, na AC itatumia umeme kukausha hewa uliyoiingiza mwenyewe.